Mtoto Wetu Anataka Kuingia Uwanjani na Farasi: Tuanzie Wapi?



Wengi wetu tuko na ndugu Uingereza: binti wa dada, mtoto wa kaka, mjukuu aliyezaliwa huko na ambaye tunamjua kwa picha tu. Siku hizi picha za namna mpya zinafika katika simu za wamama wa ushirika wetu. Mtoto mwanamke amekaa juu ya farasi, amevaa koti la sufu, shati jeupe na tai, na nywele zimefungwa ndani ya wavu. Chini ya picha kuna maneno machache: anataka kuingia mashindano. Na hapa nyumbani swali linafuata, mara nyingine kwa hasira: hiyo feza ya farasi inatoka wapi, wakati minervali ya watoto wa huku haijalipwa?

Swali hilo ni la haki, na hatutalikwepa. Lakini hatuwezi kulijibu vizuri kabla ya kulijua jambo lenyewe.

Kwetu farasi ni mnyama wa Biblia na wa picha. Sababu ipo. Mbung'o na ugonjwa wa nagana viliwaua farasi katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati, ndiyo maana mizigo ya wazee wetu ilibebwa kwa vichwa na mabega ya watu. Uingereza hakuna mbung'o. Huko farasi alilima, alivuta magari, hata alishuka migodini. Mwaka 1842 sheria ilikataza wanawake, wasichana, na wavulana wenye umri chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa. Baada ya hapo farasi wadogo wa visiwa vya Shetland walichukuliwa kwa wingi kuvuta makaa mahali pa watoto. Leo jamii hiyohiyo ya farasi, ambao urefu wao hauzidi sentimita 107 begani, inabeba watoto uwanjani siku ya maonyesho. Sisi ambao nchi yetu ni ya migodi tunaelewa uzito wa jambo hilo.

Siyo mbio

Jambo la kwanza la kuwaambia wazee nyumbani ni kwamba mtoto haombi kwenda kukimbiza farasi. Kuna mbio za farasi, na kuna mashindano ya kuruka vizuizi. Haya ni mengine: ni maonyesho ya farasi anayepandwa. Hakuna saa ya kupima mwendo, na hakuna mstari wa kufika wa kwanza. Mwamuzi anasimama katikati ya uwanja na kutazama mambo manne. Je, farasi ameumbwa vizuri, miguu imenyooka? Je, anatembea kwa mwendo sawa na mwepesi? Je, ana adabu? Na je, anafaa kwa kazi ambayo jamii yake ilizaliwa kuifanya?

Farasi wakubwa wanagawanywa kufuatana na kazi hiyo. Farasi wa mawindo ni yule mwenye nguvu na pumzi za kubeba mtu siku nzima mashambani. Kobu ni mfupi, mnene, mwenye miguu imara. Urefu wake unazidi sentimita 148 lakini haupiti 155. Farasi wa matembezi ni mwembamba na mpole, na mwendo wake ni wa madaha. Wasiozidi sentimita 148 wanaitwa poni, na kati yao kuna jamii za asili za milima na nyika za Uingereza, kama hao wa Shetland.

Katika madarasa mengi ya farasi wakubwa, mwamuzi hatazami tu. Anampanda kila farasi yeye mwenyewe. Fikiri: farasi hajawahi kumwona mtu huyo, anakuja katikati ya kelele za watu na muziki, anaweka mguu katika kikuku na kukaa juu. Farasi aliyetulia kwa sababu tu bwana wake anajua kumbembeleza, hapo anajulikana. Aliyefundishwa kweli anambeba mgeni kama anavyombeba mwenyewe. Sisi tunaofundisha tunaijua hali hiyo. Mkaguzi akiingia darasani na kuwauliza watoto mwenyewe, bila mwalimu kusaidia, hapo ndipo anaona kama wamefundishwa au wamekaririshwa.

Kwa watoto na poni zao mwamuzi hapandi, lakini anachotafuta ni kilekile. Hiyo ndiyo sababu mchezo huu, pamoja na makoti yake mazuri, kwa sehemu kubwa ni kazi ya malezi. Farasi mwenye adabu uwanjani ni farasi ambaye mtu alimrudilia mambo madogo kila siku, kwa miezi, bila kelele.

Mtoto anaanzia chini, siyo juu

Makosa makubwa ya familia nyingi, hata za Waingereza wenyewe, ni kununua farasi mapema. Mtoto anaweza kufika uwanjani bila kumiliki hata ukwato mmoja.

Anaanza katika shule ya kupanda farasi, kwa somo moja kwa juma. Huko anajifunza kwanza kazi za chini: kumkaribia farasi kwa upande wa bega, siyo kwa nyuma, kumsugua kwa brashi, kuinua mguu na kusafisha ukwato, kufunga tandiko, kuvalisha hatamu na lijamu bila kugonga meno. Halafu anapanda. Anajifunza kukaa wima bila kujishikilia kwa hatamu, maana upande wa pili wa hatamu kuna mdomo wa mnyama. Anajifunza mwendo wa kutembea, mwendo wa matiti, ambamo mpandaji anainuka na kukaa kufuatana na hatua, na baadaye mbio za taratibu. Hakuna njia ya mkato. Mtoto ambaye hawezi kumsimamisha farasi na kumgeuza pande zote mbili kwa utulivu, hajafika wakati wa mashindano.

Akifika, kuna madarasa yaliyotengwa kwa wanaoanza. Mtoto mdogo anaingia akiwa juu ya poni inayoongozwa na mtu mzima kwa kamba. Kamba hiyo inafungwa kwenye ukanda wa pua, siyo kwenye lijamu, ili mdomo ubaki chini ya mikono ya mtoto. Baada ya hapo kuna darasa la wale wanaopanda peke yao kwa mara ya kwanza. Kuna pia madarasa ambayo hayahitaji farasi wa bei kali: lile ambamo mwamuzi anampima mpandaji badala ya farasi, lile la usafi wa farasi na vifaa vyake, na lile la farasi wa familia, ambamo upole una thamani kuliko uzuri.

Maonyesho madogo ya vijijini na ya vilabu, wakati wa majira ya joto, ndiyo mahali pa kuanzia. Maonyesho makubwa kama Horse of the Year Show, iliyoanza mwaka 1949 na ambayo siku hizi hufanyika Birmingham, yana michujo yake. Mtoto anaweza kwenda kuyatazama kabla ya kuyaota.

Kofia kwanza

Hofu ya bibi kwamba mtoto ataanguka siyo hofu ya ushamba. Farasi wa kadiri ana uzito wa kilo 500, na anaogopa hata mfuko wa plastiki unaopeperushwa na upepo. Watu huanguka, hata walio hodari.

Kwa hiyo, kabla ya koti na tai, kuna kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni, yenye alama ya kuonyesha kwamba imepimwa. Kofia hiyo hainunuliwi ikiwa imetumika, kwa sababu iliyowahi kugongwa inaweza kuwa imevunjika ndani bila kuonekana kwa nje. Ikigongwa kwa nguvu, inabadilishwa. Inafuata jozi ya viatu vyenye kisigino kidogo, ili mguu usipenye katika kikuku na kunaswa mtoto akianguka. Watoto wengi huvaa pia kizibao cha kukinga kifua na mgongo.

Vingine vyote, yaani koti, suruali ya rangi ya maziwa, glavu, vinaweza kuwa vya mitumba, na hakuna mwamuzi anayeuliza vilinunuliwa wapi. Anachoangalia ni kama ni safi na vinamkaa vizuri. Mama anayejua kupiga kikwembe pasi hadi mikunjo yote iishe hana cha kufundishwa hapo.

Kuna alama mbili ambazo kila mzazi anayesimama pembeni anapaswa kuzijua. Utepe mwekundu kwenye mkia unasema: farasi huyu hupiga mateke, usimkaribie. Utepe wa kijani unasema: huyu bado mchanga, mpe nafasi.

Siku yenyewe

Kazi inaanza siku iliyotangulia. Farasi anaoshwa, mkia unachanwa, vifaa vya ngozi vinasuguliwa kwa sabuni yake hadi vilainike. Asubuhi na mapema inakuja kazi ambayo mabinti zetu wanaianza wakiwa na faida: kusuka. Singa za shingo ya farasi wa mawindo zinasukwa mkia kwa mkia, zinakunjwa, na kushonwa kwa sindano na uzi wa rangi yake, hadi shingo yote inapangika vifundo vidogo vilivyolingana. Vidole vilivyozoea kusuka kichwa cha mdogo wake Jumapili havitashangaa. Lakini si kila farasi anasukwa. Kobu kwa desturi ananyolewa singa zote. Poni za asili zinaachwa na nywele zao kama zilivyo, na akiletwa amesukwa, mwamuzi ataona kwamba wenyeji wake hawakujifunza desturi.

Darasa likiitwa, wote wanaingia pamoja, kila mmoja na namba yake mgongoni. Wanazunguka uwanja kwa upande wa saa: kutembea, matiti, halafu mbio za taratibu, farasi wa mawindo huongeza na mbio kali. Hapa wanaoanza hukosea jambo moja: wanabanana. Farasi akifichwa na mwenzake haonekani, na akikaribia mno atapigwa teke. Mtoto afundishwe kutafuta nafasi yake, aache pengo la kutosha, na aendelee kupanda vizuri hata anapofikiri mwamuzi hamtazami. Mara nyingi anatazamwa wakati huohuo.

Kisha msaidizi wa mwamuzi anawaita wasimame katika mstari wa kwanza, ambao siyo wa mwisho. Kutoka hapo, mahali ambapo mwamuzi hapandi, kila mmoja anatoka peke yake kuonyesha kazi fupi: anatembea, anakwenda matiti, anakimbia taratibu pande zote mbili, anasimama. Kusimama ndiko kugumu kuliko yote. Farasi asimame kwa miguu minne, ametulia, hatamu zimelegea, watu wananyamaza. Sekunde nne hivi za utulivu huonyesha kazi ya mwaka mzima kuliko mbio.

Katika madarasa mengi tandiko linavuliwa ili mwamuzi aone mgongo na umbo lote. Wakati huo msaidizi wa mpandaji anaruhusiwa kuingia uwanjani na brashi na kitambaa kufuta alama ya jasho. Mara nyingi msaidizi huyo ni mama, shangazi au dada mkubwa. Ndiyo kusema mzazi siyo mtazamaji tu katika mchezo huu. Kuna kazi yake pale katikati, mbele ya watu wote, na ajue nini cha kubeba katika ndoo yake.

Mwishoni wanazunguka tena wakitembea, na mwamuzi anawaita mmoja mmoja. Wa kwanza anapewa ua la utepe mwekundu, wa pili la buluu, wa tatu la njano, wa nne la kijani. Wengine wanatoka na shukrani.

Kutoka bila utepe

Hapa ndipo kuna somo ambalo lilitufanya tuandike makala hii. Katika mbio, saa inasema nani alishinda. Katika maonyesho, ni jicho la mtu. Mtoto anaweza kuwa wa kwanza Jumamosi, na juma linalofuata, na farasi yuleyule na kazi ileile, mwamuzi mwingine akamweka wa saba. Mzazi ambaye hajajiandaa anakasirika. Anaanza kunong'ona juu ya upendeleo, au juu ya rangi ya ngozi ya mtoto wake.

Hatutasema kwamba ubaguzi haupo duniani. Ndugu zetu wa huko wanaujua kuliko sisi. Katika viwanja hivyo mtoto wetu anaweza kujikuta yeye peke yake mwenye ngozi yake. Kama kuna neno baya limesemwa, mzazi alipeleke kwa wasimamizi wa maonyesho waziwazi, asilimeze. Lakini kuwekwa wa saba peke yake siyo neno baya. Wakati unaofaa, baada ya darasa kwisha, mtoto anaweza kumwuliza mwamuzi kwa heshima: nifanye nini ili farasi wangu awe bora? Jibu la swali hilo lina faida kuliko utepe. Mtoto anayejifunza kuambiwa «bado» na kurudi juma linalofuata amepata kitu atakachokitumia katika mitihani, kazini na katika ndoa.

Sasa, feza

Tuseme wazi. Farasi wa kilo 500 anakula kama kilo 10 za majani makavu kwa siku. Anakunywa kati ya lita 20 na 50 za maji. Anahitaji fundi wa kwato kila baada ya majuma 6 hadi 8, chanjo, daktari wa meno, banda, na mtu wa kumsafisha Krismasi na mvua. Kumiliki farasi ni kuongeza mdomo katika nyumba, na ni mdomo usiojua kwamba mwezi huu mshahara umechelewa. Familia inayolea watoto huko na kutuma feza huku haitakiwi kujibebesha mzigo huo kwa sababu ya picha nzuri.

Lakini kati ya kumiliki farasi na kumkataza mtoto kuna njia nyingi. Kuna mabanda ambayo vijana husaidia kazi na kujifunza humo. Kuna watu wenye farasi wanaotafuta mwenzao wa kuchangia siku mbili au tatu kwa juma, kwa sehemu ya gharama. Pony Club, chama cha vijana wapandaji kilichoanzishwa mwaka 1929, kina mpango wake ndani ya shule za kupanda kwa ajili ya watoto wasio na farasi. Kwa watoto wenye ulemavu kuna chama cha Riding for the Disabled Association, tangu mwaka 1969.

Na katika jiji la London, mtaani Brixton, ambako watu wengi wenye asili ya Afrika na Karibi wanaishi, kuna Ebony Horse Club, iliyoanzishwa mwaka 1996 ili watoto wa mitaa hiyo wapate kupanda. Huko ndiko alikojifunza Khadijah Mellah, msichana Mwislamu wa Peckham. Mwaka 2019, akiwa na miaka 18, alishinda mbio za wanawake za Magnolia Cup huko Goodwood akiwa amevaa hijabu yake chini ya kofia. Zile zilikuwa mbio, siyo maonyesho, lakini mlango aliopitia ni uleule. Hakuzaliwa na farasi nyumbani.

Kwa hiyo tunapendekeza familia ifanye mapatano kabla ya kuanza, kwa simu kama inafaa, wazazi wa huko na wazee wa huku pamoja. Feza ya masomo ya watoto wa huku itengwe kwanza, ijulikane ni kiasi gani na inatumwa siku gani. Katika kinachobaki, farasi apewe sehemu yake, ndogo na isiyobadilika. Jambo linalofichwa ndilo linaloleta ugomvi. Bibi anayejua hesabu atamwombea mjukuu wake. Bibi anayeona picha tu atahesabu mwenyewe, na hesabu yake itakuwa kubwa kuliko kweli.

Maswali ya kumwuliza mtoto kabla ya kusema ndiyo

Je, umekwisha kufanya masomo ya kupanda kwa miezi kadhaa, au umependa picha?

Je, unaamka kusafisha banda siku ya baridi, wakati hakuna kupanda?

Je, ukianguka, nani yupo karibu, na kofia yako ina umri gani?

Je, matokeo yako ya masomo yakishuka, tutasimamisha nini kwanza?

Je, ukitoka uwanjani wa mwisho, utampapasa farasi wako shingoni na kumshukuru, au utamlaumu?

Swali la mwisho lina uzito kuliko mengine. Farasi hakuomba kuingia uwanjani, alipelekwa. Mtoto anayeweza kumtendea vizuri mnyama ambaye hakumletea utepe, huyo yuko tayari kuanza, na sisi tutaitundika picha yake ukutani bila aibu.